UZI: Kozi fupi ya dizaini ya websaiti ya kiwango cha juu hapa Mombasa, usome nini na uache nini

Mleta uzi

Assalam aleikum na habari zenu wote. Naandika huu uzi kwa sababu kila kozi mpya ikitangazwa hapa mjini watu hunifuata inboksi kuniuliza kama walipe ama wasilipe, na swali lenyewe ni zuri ila haliwezi kujibiwa kwa sentensi moja, kwa hivo wacha niliseme lote hapa kila mtu asome. Nazungumza na wale ambao HTML na CSS za kawaida (lugha za kuandika ukurasa na kuupamba) washazijua, washatengeneza ukurasa wa duka la shangazi ama wa madrasa ya mtaani, sai wataka kupanda daraja na muda walio nao ni jioni baada ya kazi na Jumamosi basi.

Msimamo wangu ni huu. Kozi fupi inafaa ikiwa itakufundisha brauza yenyewe inavyofanya kazi, na ikiwa utaingia darasani ukiwa na kazi moja ya mtu wa kweli, mtu atakayefungua huo ukurasa kwa simu yake mwenyewe akwambie umefunguka ama umekataa. Ukienda kukusanya majina ya fremwaki (mifumo ya kodi iliyotengenezwa tayari) utatoka na cheti tu, na cheti mteja hakiangalii, anaangalia simu yake.

Kwa nini brauza kwanza? Zamani kupanga ukurasa kulikuwa ni hila tupu, watu wakitumia jedwali, baadaye wakaja na float, na nusu ya kazi ilikuwa kuzibaziba matatizo. Mwaka 2010 Ethan Marcotte akaandika makala akaonyesha kwamba ukishikanisha vitu vitatu, gridi ya asilimia, picha zinazojipunguza na midia kwiri (masharti ya CSS yanayofuata upana wa kioo), ukurasa mmoja unatosha simu na kompyuta. Machi 2017 CSS Grid ikaingia Chrome, Firefox na Safari karibu kwa mpigo. Na 2023 ndio mwaka ambao kontena kwiri (masharti yanayofuata upana wa kisanduku, si wa kioo), subgridi (gridi ya ndani inayoazima safu za gridi ya nje) na :has() (kuchagua kitu kwa kilichomo ndani yake) zilikamilika kwenye brauza zote kubwa. Sasa chukua silabasi ya kozi unayotaka kulipia uiangalie. Ikiwa juu wameandika kiwango cha juu na ndani ni float, slaida na kuburuta templeti, hiyo ni kozi ya zamani imebadilishwa tarehe tu. Uliza kabla hujatoa pesa: mwatufundisha gridi? kontena kwiri mwazigusa? tutapima kasi kwenye simu halisi ama kwenye laptopu ya mwalimu? Mwalimu mzuri hayo maswali humfurahisha.

Gridi hasa msiiogope. Mtu aliyekulia hapa akaona leso kila siku ashaelewa nusu yake, kuna pindo limezunguka, kuna mji katikati, na jina limekaa mahali pake pale chini. Katika CSS wandika grid-template-areas ukayapa maeneo majina yako mwenyewe, waweza kabisa kuyaita pindo, mji na jina, kisha kila kipande cha ukurasa wakiambia kikae eneo gani. Kwenye simu wayapanga moja juu ya jengine, kwenye kompyuta wayatandaza, na HTML hujaigusa. Halafu kuna ule mstari mmoja ambao peke yake hupunguza midia kwiri nyingi sana, repeat(auto-fit, minmax(160px, 1fr)), yaani jaza safu nyingi kadiri zinavyoingia, hakuna safu iwe chini ya pikseli 160, na nafasi ikibaki zigawane sawa. Kurasa nyingi za bidhaa hazihitaji zaidi ya hapo.

Fundi_Likoni

Shukran kaka kwa uzi. Mimi nina swali la picha. Nimemtengenezea mtu ukurasa wa leso, duka liko Biashara Street, picha kama ishirini hivi za leso. Nilizipiga kwa simu, nikazikompresi kwa programu zikashuka mpaka kama KB 300 kila moja, nikajua nimemaliza. Lakini mwenye duka akifungua kwa simu yake ya RAM ya 2GB ukurasa wakwama, akiskroli waruka ruka, wakati mwengine brauza yajifunga yenyewe. Kwenye laptopu yangu hakuna shida hata kidogo. Sasa tatizo ni mtandao ama ni nini?

Mleta uzi

@Fundi_Likoni hapo umeuliza jambo ambalo nalipenda sana, wacha tulipigie hesabu pamoja.

Picha ulipunguza uzito wa faili lakini nadhani hukupunguza vipimo vyake, bado ni pikseli 4000 kwa 3000. KB 300 ni uzito wake ikiwa safarini, ikisafiri kwenye mtandao. Ikifika kwenye simu brauza lazma iifungue ndio iichore, na ikifunguka kila pikseli hushika baiti 4 za memori. Zidisha 4000 kwa 3000 kwa 4, wapata baiti milioni 48. MB 48 za RAM kwa leso moja! Brauza hujitahidi isizifungue zote kwa pamoja, lakini mtu akiskroli haraka zinapita tano sita kwa mkupuo, na simu yenyewe ina RAM ya 2GB ambayo Android ishachukua sehemu yake, WhatsApp ishachukua yake. Hapo simu haina makosa.

Sasa kioo cha simu kama hiyo kwa kawaida kina upana wa pikseli 360 za CSS. Kikiwa na pikseli mbili halisi kwa kila moja ya CSS, basi picha inayojaza upana wote yahitaji pikseli 720 basi. 720 kwa 540 kwa 4 ni kama MB 1.6. Toka 48 mpaka 1.6, na macho ya mteja hayaoni tofauti yoyote. Na ikiwa wazionyesha mbili mbili kwa safu wahitaji nusu ya upana huo.

Fanya hivi. Kila picha itengeneze saizi tatu, 360, 720 na 1200, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, kisha tumia srcset na sizes ili simu yenyewe ichague ile inayoitosha. Za chini huko weka loading="lazy" zisubiri mpaka mtu akaribie, lakini ile ya kwanza kabisa juu usiiwekee lazy hata kidogo, hiyo ndio watu wanaisubiri. Na kila picha iandikie width na height ndani ya HTML. Hiyo kuruka ruka unayoiona ni kwa sababu brauza haikujua picha itakuwa na urefu gani, kwa hivo ilipofika ikasukuma kila kitu chini. Ukiipa vipimo inaweka nafasi yake mapema.

Mengi ya hayo ndio Google wanayapima kwenye Core Web Vitals. Kuna vipimo vitatu: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, mtu akibofya ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka isizidi 0.1. Hicho cha pili, wanachokiita INP, kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024, kwa hivo ukikuta kozi bado yafundisha FID ujue vitini havijaguswa tangu hapo.

Kijana_Changamwe

Bro naheshimu unachosema lakini tuwe wakweli, matangazo ya kazi yanasema React, React, React, hiyo maktaba ya JavaScript. Mimi nina miezi michache tu kabla sijaanza kusukumwa nyumbani nitafute kazi yoyote, nikae nasoma gridi na kupima picha wakati wenzangu wanaandika React kwa CV? Mjomba wangu ndie atakayenilipia na anataka kuona kitu cha maana.

Mleta uzi

@Kijana_Changamwe mdogo wangu nakuelewa kabisa na swali lako si dogo, hapo kuna pesa ya mjomba na kuna heshima yako pia. Sikwambii usisome React. Nakwambia React mwisho wa siku inatoa HTML, na brauza inaichora kwa CSS ile ile. Mtu anayejua React bila kujua leiauti utamuona anaongeza maktaba juu ya maktaba kupata kitu ambacho mistari minne ya CSS ingekifanya, na kila maktaba ni JavaScript ambayo simu ya mteja lazma iishushe, iisome, iitekeleze, na hiyo kazi yote inafanyika kwenye prosesa ya simu yake, haifanyiki kwenye seva yako.

Na tukumbuke tulipo. Kebo za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu Mombasa, SEACOM na TEAMS zilianza 2009, EASSy 2010, na ndio mlango mkubwa wa intaneti ya nchi kavu yote hii nyuma yetu. Mshipa wenyewe uko mlangoni petu. Lakini mama anayeuza Kongowea hafungui websaiti yako kwa kebo, anaifungua kwa bando alilonunua asubuhi. Ukurasa wa MB 8 ukimfungukia mara chache bando lake limekwisha na hajanunua kitu. Mimi hilo laniuma kwelikweli, kwa sababu ni pesa ya mtu tunaila sisi mafundi bila yeye kujua.

Kwa hivo ushauri wangu kwako ni mpangilio tu. Hii kozi fupi chukua ya CSS, kasi na fomu, kisha React isome ukiwa na hiyo misingi, itaingia upesi zaidi. Na mjomba umuonyeshe ukurasa unaofunguka kwenye simu yake, usimuonyeshe cheti.

Mwalimu_Tudor

Niingilie kidogo, mimi nafundisha kozi fupi, jioni. Mleta uzi amesema kweli lakini kuna upande wa mwalimu watu hawauoni. Darasa la watu ishirini, nusu HTML wanaijua, robo wanaisikia sikia, na wengine walitumwa na waajiri wao hata hawakutaka kuja. Nikianza na kontena kwiri siku ya kwanza nimewapoteza. Kwa hivo mimi huwa naanza na karatasi. Naam, karatasi na penseli. Kila mtu achore ukurasa wake mara mbili, mmoja mwembamba wa simu na mmoja mpana, na aandike kwa maneno kipi ni muhimu kuliko kipi. Asiyeweza kusema kwa mdomo kwa nini bei iko juu ya picha ama chini yake, CSS haitamsaidia. Figma, programu ya kuchorea kurasa, inakuja baadaye, na wengine hawaihitaji kabisa kwa kazi za hapa.

Jambo la pili, muda. Watu huuliza wiki ngapi. Ukweli ni kwamba saa za darasani zikiwa kumi, wahitaji kama ishirini za kukaa mwenyewe, na nimeona wanaofaulu ni wale ambao kazi ya darasani waliipeleka kwa mtu akaitumia. Hapo naungana na mleta uzi mia kwa mia.

Mleta uzi

@Mwalimu_Tudor shukran sana mwalimu, hilo la karatasi nalichukua. Na laenda pamoja na HTML yenyewe, manake ule mpangilio wa umuhimu alioandika mwanafunzi kwenye karatasi ndio mpangilio wa vichwa h1, h2, h3, na ndio utakaosomwa kwa sauti na TalkBack, kisoma skrini cha Android, kwa mtu asiyeona. Ukiwa sawa kwenye karatasi unakuwa sawa kwa kila mtu.

Binti_Kuze

Salaam kaka. Mimi ni mgeni kidogo kwa haya mambo, nimesoma CSS mwenyewe kwa simu kisha nikapata laptopu. Babu yangu ana mashairi mengi yuwaandika tangu ujana wake, mengine kwa hati za Kiarabu na mengine kwa Kirumi, na mimi nataka nimtengenezee websaiti kabla madaftari hayajaliwa na mchwa. Tatizo ni kwamba mshororo mmoja ni mrefu, kwenye simu wakatika katikati popote pale, vina havionekani, na yeye akiona hivo hukasirika asema hilo si shairi tena. Pili zile za Kiarabu nikiziweka alama za nukta zaenda upande si wake na namba za beti zimekaa vibaya. Hii ni kazi ya kozi fupi kweli ama nimtafute mtu anifanyie?

Mleta uzi

Masha'Allah dada yangu. @Binti_Kuze usimtafute mtu, hii kazi ni yako na ni mfano bora kuliko wowote ningeweza kuutunga mimi. Ingekuwa mimi ndie mwalimu ningefundisha kozi nzima juu ya shairi moja la babu yako.

Tuanze na mshororo. Babu ana haki ya kukasirika. Shairi la kawaida mshororo una mizani 16, nane kwa nane, ukwapi upande huu na utao upande ule, na kina cha kati ndicho kinachoshika nyonga ya mshororo. Brauza haijui hayo, yenyewe yaona maneno tu, kwa hivo hukata pale nafasi inapokwisha. Wewe ndie wa kuiambia. Kila mshororo uufanye vipande viwili ndani ya HTML, ukwapi na utao, kila kimoja ndani ya tegi yake ya span. Ubeti uwe gridi ya safu mbili. Halafu hapa ndipo subgridi inapong'ara: kila mshororo wenyewe ukiufanya gridi peke yake, safu zake zitajipima zenyewe na utao hautapangana mshororo kwa mshororo. Lakini ukiutandaza kila mshororo kwenye safu zote mbili za ubeti ukauandikia grid-template-columns: subgrid, mishororo yote minne yaazima safu za ubeti, na utao wote waanza kwenye mstari mmoja ulionyooka kama alivyoupanga babu kwenye daftari. Macho yashuka na vina moja kwa moja.

Sasa simu. Mizani nane kwa kawaida ni herufi kumi na tano mpaka ishirini hivi, kwa maandishi ya pikseli 16 safu mbili zaweza kuingia kwenye kioo cha 360 lakini kwa tabu, na babu mwenyewe nadhani ameongeza ukubwa wa maandishi kwa sababu ya macho. Kwa hivo usitumie midia kwiri ya pikseli, tumia kontena kwiri, na kipimo kiwe rem, kinachofuata ukubwa wa maandishi. Ubeti ukiwa na nafasi ya 20rem kwenda juu, safu mbili. Ukiwa na chini ya hapo, safu moja, na utao uingizwe ndani kidogo chini ya ukwapi wake ili msomaji ajue huu ni mwendelezo. Kwa sababu ya rem, mtu akikuza maandishi kwenye brauza yake ile 20rem nayo yakua, na ubeti wenyewe unajipanga safu moja bila wewe kujua simu yake ni ya aina gani. Na hapo shairi likikatika linakatika kwenye kituo chake, halikatiki katikati ya kipande.

Hati za Kiarabu. Kile kipande kizima kiandikie dir="rtl" (yaani toka kulia kwenda kushoto) kwenye HTML yenyewe, usigeuze kwa CSS tu. Hicho ndicho kitakachorudisha nukta na namba mahali pake. Lugha uandike pia, na kwa sababu ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu iandike lang="sw-Arab", mashairi ya Kirumi lang="sw" tu. Kisha kwenye CSS sahau kushoto na kulia kabisa. Badala ya margin-left andika margin-inline-start, badala ya text-align: left andika start. Maana yake ni upande maandishi yanakoanzia, popote pale panapoanzia, kwa hivo CSS moja inahudumia hati zote mbili na ule utao ulioingizwa ndani utaingia toka kulia kwa za Kiarabu wenyewe. Fonti ya Kiarabu iongezee ukubwa kiasi na nafasi kati ya mistari, line-height 2 hivi, manake irabu za juu na za chini zahitaji pumzi. Usiweke letter-spacing kwenye Kiarabu, herufi zinashikana na ukizitenganisha umeziharibu.

Tangu enzi za kina Muyaka bin Haji, karne ya 19, mashairi ya Mombasa yaliandikwa kwa hizo hati. Kuyaweka mtandaoni yakiwa maandishi halisi, si picha ya daftari, kunamaanisha mtu ataweza kuyatafuta, kuyakopi, kusomewa kwa sauti. Picha ya daftari iweke pia, lakini pembeni yake.

Mama_Bamburi

Hodi hodi wanangu. Mimi nina biashara ya chakula, mwanangu alinitengenezea ukurasa wa menyu mzuri sana, rangi ya kijivu nyepesi, lakini wateja wakiwa nje juani wanasema hawaoni bei. Nikimwambia anasema ndio staili ya kisasa. Na kulipa kwa M-PESA pale pale yawezekana ama mpaka niajiri kampuni?

Mleta uzi

Karibu sana mama, shikamoo. Mama una haki na mwanao nimtetee kidogo, hiyo kijivu ameiona kwenye tovuti za watu wanaofanya kazi ndani ya ofisi zenye AC. Jua letu ni jengine. Lakini hili si suala la kupenda ama kutopenda, lina kipimo. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, unasema maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 na kilicho nyuma yake, yale makubwa 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kinapata kama 2.8 tu, hakipiti hata kwa maandishi makubwa. #767676 ndio inavuka kwa shida, 4.54. Kwa watu walio juani mimi ningeenda mbali zaidi, 7 kwa 1. Mwambie afungue Chrome kwenye laptopu, abofye bei kwa kulia, ainspekti, kisha aguse kile kisanduku cha rangi, ataoneshwa namba yenyewe. Na vitufe vya kuagizia visiwe vidogo, toleo la 2.2 la Oktoba 2023 linataka angalau pikseli 24 kwa 24, ila kidole chenye mafuta ya viazi karai chahitaji 44 ama zaidi.

M-PESA yawezekana mama. Safaricom wana mlango wao wa madevelopa unaitwa Daraja, na huduma yenyewe ni STK push, mteja anaandika namba yake, simu inamletea kisanduku cha kuweka PIN. Mwanao ajue mambo mawili. Moja, funguo za siri za Daraja zikae kwenye seva, zisiwekwe kamwe kwenye JavaScript ya ukurasa, manake huko mtu yeyote anazisoma. Pili, Daraja inataka namba kwa mfumo wa 2547 ama 2541 mbele, na wateja wataandika 07, wengine +254, wengine wataacha nafasi katikati. Ukurasa ndio ujishughulishe kuzibadilisha, usimgombeze mteja kwa maandishi mekundu. Kisanduku chenyewe kiwe type="tel" ili vitufe vya namba vitokee vyenyewe, kiwe na autocomplete="tel" simu imjazie, na maandishi yake yasiwe chini ya pikseli 16, manake iPhone ukiyaweka madogo huvuta ukurasa wote na mtu hupotea hajui yuko wapi. Fomu ndio mahali pesa inapopita, na kozi nyingi wanaipitia juu juu, jioni moja imekwisha. Mimi ningeipa muda sawa na leiauti.

Fundi_Likoni

Nimebadilisha vipimo vya picha kaka, nimeweka 360 na 720 kwanza. Mwenye duka ameskroli mpaka chini mwenyewe, mara ya kwanza brauza haijafunga. Sasa nataka nipime kama ulivyosema lakini naona namba kwenye laptopu tu, Lighthouse, kile kipimo cha ndani ya Chrome, inanipa alama nzuri na simu yake bado si nyepesi sana nikiitazama. Napimaje kwenye simu yenyewe?

Kijana_Changamwe

Na mimi nisaidieni, mjomba amekubali ila anasema nianze na za bure kwanza aone nina nia. Wapi?

Mleta uzi

@Kijana_Changamwe mjomba ana akili. Anza na MDN ya Mozilla, hiyo ndio kamusi yetu wote, kisha Learn CSS iliyoko web.dev ambayo ni ya Google, na freeCodeCamp wana kozi ya Responsive Web Design yenye mazoezi ya kuandika mwenyewe. Zote bure. Nenda hata pale SwahiliPot, kituo cha vijana cha teknolojia na sanaa, Mji wa Kale, ukae na wenzako, kusoma peke yako chumbani kunachosha haraka. Na chagua mtu mmoja sasa hivi ambaye utamtengenezea, usisubiri umalize.

@Fundi_Likoni alama ya Lighthouse kwenye laptopu inaiga simu, lakini haina habari simu ya mwenye duka ina programu ngapi zimefunguka. Mwombe hiyo simu kwa nusu saa. Ingia Settings, About phone, tafuta Build number uiguse mara saba mpaka ikwambie umekuwa developa, rudi nyuma kwenye Developer options uwashe USB debugging. Ichomeke kwenye laptopu kwa kebo, simu itauliza kama wairuhusu hiyo kompyuta, kubali. Kwenye Chrome ya laptopu andika chrome://inspect, utauona ukurasa uliofunguka kwenye simu, bofya inspect. Sasa unaiona simu yenyewe ndani ya laptopu yako, ingia Performance, anza kurekodi, skroli kwa kidole chako kwenye simu, simamisha. Tafuta vipande virefu vyenye alama nyekundu, hizo ni kazi zilizozidi milisekunde 50 zikamzuia mtu kubofya. Mara nyingi utakuta ni slaida ama kijisanduku cha kuchati na wateja ulichokibandika toka kwengine. Kitoe, rekodi tena, linganisha. Ukimaliza zima USB debugging kabla hujamrudishia simu yake.

Kama laptopu haiioni simu, badilisha kebo kabla ya kitu chengine chochote, kebo nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu hazipitishi data.

Binti_Kuze

Nimeweka ubeti wa kwanza kwa safu mbili kaka, subgridi imekubali. Babu ameuliza mbona namba ya ubeti iko juu na si pembeni.

Mleta uzi

Ongeza safu ya tatu mwanzoni mwa gridi ya ubeti, auto kwa upana, namba ikae humo na grid-row: 1 / -1 kisha align-self: start. Ile -1 huhesabu safu za kulala ulizozitaja tu, kwa hivo andika grid-template-rows: repeat(4, auto) kwanza, na mishororo ianzie safu ya pili ya kusimama. Kwa zile za Kiarabu namba itahamia kulia yenyewe, usibadilishe kitu. Ukishaweka beti tatu nne tuma linki hapa, nitaifungua kwa simu ndogo nikwambie zimekaaje.